Turnipu Zisizo na Funza

Katika gulio la Jumatano hapakuwa na mtu asiyekijua kisu cha Itto. Kilikuwa kifupi, chenye mpini wa mti wa jozi, kimenolewa miaka mingi hadi kikabaki ukanda, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupasulia turnipu mbele ya watu. Mnunuzi akisimama, Itto hamkaribishi wala hamtajii bei. Anamwachia achague mwenyewe turnipu yoyote kwenye rundo, anaipasua katikati, anamwonyesha nyama nyeupe isiyo na tundu wala doa. Kisha anageuza shingo polepole kumtazama Rabha, aliyetandika mkeka wa tatu kutoka kwake, na kusema kwa sauti ya kuwafikia hata wauza kuku:

"Zangu hazina wapangaji!"

Turnipu za Rabha zilikuwa na wapangaji wa kutosha kuanzisha kijiji. Ila ulimi wake nao haukuwa umelala.

"Funza naye kaumbwa na Mungu, Itto. Kwangu anakula anashiba, kwako anakufa njaa. Mwenye roho mbaya nani?"

Watu wanacheka, Itto mwenyewe anacheka, na gulio likivunjika turnipu za Itto zimekwisha, za Rabha zinarudi nyumbani juu ya punda. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, na wenyewe walijuana karibu miaka thelathini, tangu walipoletwa Tasammit wakiwa maharusi wa mwaka mmoja. Walipendana, mtu asije akadhani vingine. Walipendana kwa kuchokozana.

Kilichowatofautisha ni waume. Wa Rabha alikuwa mvivu wa kutupwa, mtu wa kulala juani hadi kivuli kimfuate. Wa Itto, Bassu, hakuweza kukaa bure hata siku ya sikukuu. Alifanya kazi kwenye kinu cha mgodi wa madini ya risasi, ule wa ng'ambo ya mto Mulwiya, ambako mawe yalisagwa na kuoshwa, risasi ikachukuliwa ikaenda zake kwa wenyewe, na mabaki yakamwagwa nje. Mabaki hayo ni mchanga wa kijivu, laini kama unga, na miaka ilivyokwenda ukawa mlima mzima. Tunauita Mlima wa Unga. Mgodi ulipofungwa wenye mgodi waliondoka na kila kitu, hata vitasa vya milango, mlima wakatuachia sisi.

Sasa Bassu alikuwa na macho. Alikuwa ameona kwamba juu ya ule unga hapakai mdudu. Hata chungu wakifika ukingoni hugeuka wakarudi. Bustani ya mkewe ilikuwa ikiliwa na funza kila mwaka, basi mgodi ulipofungwa na mikono yake ikakosa kazi, alianza kuubeba ule unga kwa punda. Mizigo arobaini, majira matatu ya baridi, akautandaza bustanini na kuuchanganya na samadi ya kondoo. Mwaka uliofuata turnipu zilitoka ardhini safi kama mayai. Kijiji kizima kilisema kitamwiga, lakini mlima ni mbali na njia ina mawe, na maneno yakaishia kwenye chai. Mume wa Rabha hakusema hata hilo.

Wanaume wa kinuni walikuwa na mstari wa bluu kwenye ufizi, pale meno yanapootea, na sisi tuliuita wanja wa mgodi. Wake zao waliwatania kwamba wanajipamba kwa siri. Hatukuona ajabu, kwani wanja wenyewe waliojipaka bibi zetu ulisagwa kutokana na jiwe lile lile jeusi linalometameta. Bassu alikufa na wanja wake kinywani, miaka tisa sasa, figo zimemchoka. Tangu siku hiyo Itto akisema "naenda kwa Bassu", watu wanajua haendi makaburini. Anakwenda bustanini.

Mwaka ninaousimulia, nyumba ya Itto ilikuwa na jambo. Mwanawe Haddu, dereva wa lori la matufaa, alikuwa ameoa miaka sita nyuma, na mkewe Tuda alikuwa ameshazungushwa kwa waganga, kwa madaktari na kwa makaburi ya mawalii bila kitu. Itto hakumwambia neno baya hata siku moja, na kwa mama mkwe wa kwetu hiyo ni kazi kubwa kuliko kubeba mizigo arobaini ya unga. Kisha, bila kutegemewa, mimba ikashika. Ilipofika mwezi wa tano Tuda akaanza kutamani turnipu mbichi, zilizokatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi, na majani yake yaliyochemshwa kwa mafuta ya zeituni. Asubuhi, mchana, jioni.

Kwetu uchu wa mwenye mimba si mchezo. Akinyimwa anachokitamani, mtoto huzaliwa na alama ya kitu hicho mwilini. Yuko mzee mmoja hapa Tasammit ana zabibu shavuni hadi leo, na bibi yake aliyeficha zabibu hajasamehewa hata kaburini. Basi Itto alifurahi kupita kiasi. Mkwe angeweza kutamani samaki wa baharini au embe za sijui wapi, yeye akatamani kile ambacho Itto anakijua kuliko mtu yeyote bondeni. Kila alfajiri alikwenda kwa Bassu, akang'oa zile nene kuliko zote, akamletea.

"Kula, mwanangu. Hizi hazina funza. Mtoto atatoka na ngozi kama hii."

Mwishoni mwa Oktoba, matufaa yakiwa yameshachumwa na theluji ya kwanza imekaa juu ya mlima Ayashi, alikuja mwanamke mmoja kijana anayeitwa Izza. Alizaliwa bonde la pili, akasomea udongo chuo kikuu, na alikuwa akipita vijiji vya kandokando ya migodi ya zamani na mifuko midogo ya nailoni. Alichukua udongo hapa, jani pale, tufaa kule, akaandika kila kitu. Wenye mashamba wengine walimwonea haya, wengine wakamfukuza. Itto alimwita mwenyewe.

"Njoo huku, binti! Unazunguka kwenye mashamba ya wavivu unatafuta nini? Njoo uone bustani."

Izza alikuwa na mashine ya kushikwa mkononi, yenye umbo la bastola.

"Na hiyo ni ya kuwapiga risasi funza?" Itto akauliza. "Utakosa wa kumpiga hapa."

"Inaangalia kilichomo kwenye udongo, mama."

"Basi iangalie vizuri, na iandike kwa herufi kubwa."

Izza akachuchumaa, akaielekeza mashine ardhini, akasubiri. Akatazama kioo chake kidogo. Akahamia tuta la pili, kisha la tatu, kisha akarudi la kwanza kama mtu aliyehesabu vibaya. Alitia udongo, jani na tufaa lililosalia kwenye mifuko yake, na aliposimama hakuwa na lile tabasamu alilokuja nalo.

"Bi Itto, huu udongo wa kijivu umetoka wapi?"

Itto akamweleza kwa fahari, mizigo yote arobaini, punda na jina lake. Izza alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama nyumba, ambako Tuda alikuwa ameketi kizingitini na sahani mapajani, akitafuna.

"Majibu kamili yatatoka maabara baada ya wiki tatu," akasema. "Lakini nakuomba jambo moja kuanzia leo. Yule mwenye mimba pale asile hizi turnipu. Na majani yake hasa asiyaguse."

"Asile nini?"

"Kuna risasi nyingi mno kwenye udongo huu, mama. Na nduguye risasi aitwaye kadimi. Naogopa zimeingia kwenye mboga."

Itto alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, uso ukambadilika.

"Wee binti, umezaa?"

"Bado."

"Inaonekana! Mwenye mimba ana uchu, mimi nimfunge mdomo kwa sababu ya bastola yako ya kuchezea? Mtoto akizaliwa na turnipu kwenye paji la uso utakuja kuifuta wewe? Miaka thelathini nakula bustani hii. Hebu nitazame!"

"Nakutazama, mama," Izza akasema kwa upole, na macho yake yakatua kwenye ufizi wa Itto, pale meno yanapootea. Itto akafumba mdomo. Hakujua kwa nini ameufumba, na hilo likamkasirisha zaidi, akamwonyesha mgeni lango.

Izza hakubishana. Ila njiani alizungumza na Tuda, na siku ya pili Tuda akashuka zahanati kimya kimya, akatoa damu ikapelekwa mjini. Hakumwambia mama mkwe wake. Itto naye, kwa wiki tatu zile, alimlisha turnipu kuliko mwanzo. Alizichagua nene zaidi, akakata vipande vinene zaidi, akawa anasimama pale hadi sahani iishe. Tuda alikula. Alikuwa na wasiwasi, lakini uchu ulikuwa mkubwa kuliko wasiwasi, na mama mkwe alikuwa amesimama.

Izza aliporudi hakuja na mashine. Alikuja na bahasha, na kichupa cha wino wa bluu wa kalamu. Itto alimfungulia kwa sababu mgeni haachwi nje, akamtilia chai kwa sababu mgeni hanyimwi chai. Tuda alikaa pembeni, mikono juu ya tumbo.

"Sikuja kugombana," Izza akasema. "Nipe glasi moja tupu na jani moja la turnipu, lenye kikonyo chake."

Itto akampa kwa kishindo. Izza akatia maji kwenye glasi, akadondosha wino hadi maji yakawa bluu iliyoiva, akakata mwisho wa kikonyo kwa kisu kile kile cha gulioni, na kulisimamisha jani mle ndani. Akaiweka glasi dirishani penye jua.

"Sasa tunywe chai tu," akasema.

Walikunywa. Itto alikuwa amegeuza uso ukutani kuonyesha kwamba hashughuliki, lakini jicho ni jicho. Birika la kwanza lilipokwisha akatazama, na kikonyo cheupe kilikuwa na uzi wa bluu ndani yake, mwembamba, umefika nusu. Alisogea karibu. Alipomaliza sala ya alasiri alirudi mbio bila kukunja msala, na uzi ulikuwa umeingia kwenye jani, umegawanyika matawi mawili, kisha manne, kisha mengi yasiyohesabika, na ukingoni mwa jani, kote kuzunguka, palikuwa na pindo la bluu kama pindo la shuka.

Alikaa chini mbele ya dirisha. Chai yake ilipoa, akaisahau.

"Hakuna mtu aliyeusukuma huo wino," akasema hatimaye.

"Hakuna."

"Inakunywa yenyewe. Hivi hivi, kimyakimya, mchana kutwa." Akagusa pindo la bluu kwa ncha ya kidole. "Subhanallah! Miaka thelathini nazipanda, nazipalilia, nazing'oa, na sikuwahi kujua kwamba zinakunywa namna hii. Nilidhani zinavimba tu."

Izza akahamia sakafuni, akakaa karibu naye.

"Mizizi ina milango, mama. Midogo, huioni kwa macho. Kuna mlango wa kuingizia chuma, mwingine wa zinki, mwingine wa chokaa, maana mmea unavihitaji hivyo. Sasa risasi na kadimi zinafanana navyo. Zinabisha hodi zimevaa jalaba ya jirani. Mmea unafungua."

"Na zikishaingia?"

"Nyingi ya risasi hubaki kwenye mzizi, kwenye ganda. Kadimi hupanda na maji, kama huu wino, hadi majani. Mmea ukigundua kwamba aliyeingia si jirani, hauna njia ya kumtoa. Basi unamfungia. Kila jani limejaa vighala vidogo sana, na humo ndani unaitia sumu na kufunga, ili sehemu nyingine ziendelee kuishi. Ndiyo maana jani linabaki kijani, zuri. Ukilitazama hujui lolote."

Itto alitazama jani kwa muda mrefu. Alikuwa amelijua jani la turnipu kama anavyoijua mikono yake, na sasa lilikuwa mbele yake kama mji wenye mitaa na maghala na milango inayofungwa. Aliogopa, na woga wenyewe ulikuwa na kitu cha kumnyenyekesha, kama mtu anapoamka alfajiri akakuta theluji imeifunika dunia bila sauti.

"Na funza?" akauliza.

"Kwa funza si jambo kubwa. Alionja tu, akaacha."

"Funza alijua."

"Funza alijua, mama."

Pale bustanini, pembeni mwa lango, kulikuwa na mtufaa aliopanda Bassu mwenyewe. Itto akauliza juu ya huo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Izza akatoa karatasi kwenye bahasha.

"Tufaa halina kitu cha kutisha. Limeota kwenye unga ule ule, lakini mpaka maji yafike kwenye tunda yanapita milango mingi, na sumu inaachwa njiani, kwenye mizizi, kwenye mti, kwenye majani. Mimea mingi iko hivyo. Kwenye jani inajaza, kwenye tunda na mbegu inapitisha kidogo sana."

Itto akalitafakari hilo. Kisha akasema, bila kumtazama mtu:

"Kwa hiyo mti unamlinda mwanawe."

"Tunaweza kusema hivyo."

"Na mwanamke mwenye mimba? Yeye ana mlango huo?"

Izza akakunja ile karatasi.

"Hana, mama. Mwili wetu nao unadanganyika. Unaidhani risasi ni chokaa, unaihifadhi mifupani. Mtoto tumboni akitaka kujenga mifupa yake, mama anafungua ghala lake na kumpa alichonacho. Vyote alivyonavyo."

Hapo Tuda akalia, akasema yote: zahanati, damu, kwamba alikwenda kwa siri. Majibu yake Izza alikuwa ameyachukua mjini, yalikuwa kwenye bahasha ile ile. Yalikuwa yamepita kiasi. Daktari wa mjini alikuwa ameandika kwamba hayajafika pa kukata tamaa, aache leo hii hii chanzo cha sumu, ale maziwa na dengu na dagaa wa mkebe, na apimwe tena baada ya mwezi. Leo hii hii, alikuwa amepigia mstari mara mbili.

Itto hakulia. Aliomba asomewe tarehe ya siku damu ilipotolewa, akakunja vidole kuhesabu siku tangu wakati ule, siku ambazo alisimama juu ya sahani. Zilikuwa ishirini. Akainuka, akaenda jikoni, akatoka na turnipu zote zilizokuwa kapuni akazitupa uani. Mbuzi akaja kunusa na Itto akamrukia kwa kelele ambazo hajawahi kumpigia mnyama.

"Hata mbuzi asile?" akamuuliza Izza.

"Asile. Wala usizichome moto, moshi nao unaibeba."

"Nizipeleke wapi?"

Izza akafikiri. "Ulikotoka unga wenyewe, afadhali kuliko kinywani mwa mtu."

Asubuhi Itto alikwenda kwa Bassu na jembe. Aling'oa tuta baada ya tuta, kubwa na changa, na majani yake, na karoti za kandoni, akakataa kusaidiwa. Magunia yalikuwa saba. Izza, aliyelala kwao usiku ule, alishika punda, na walipovuka mto Itto akamuuliza jambo lililokuwa likimkereketa tangu jana.

"Hizi zimekunywa sumu ya pale bustanini. Nikipanda nyingine nisizile, nikang'oa, nikaja kuzitupa, kila mwaka hivyo hivyo, bustani si itatakasika?"

"Itatakasika. Kila gunia hapa, ukiitoa risasi yake yote, haifiki punje ya mtama."

"Na ile aliyoleta Bassu?"

"Nilipiga hesabu jana," Izza akasema, kwa haya kidogo. "Kwa mwendo huo, miaka elfu kumi. Na zaidi."

Itto akasimama katikati ya njia. Elfu kumi. Alijaribu kuiwaza, akawaza bibi yake na bibi ya bibi yake, akawaza Manabii, na bado hakuwa amefika popote. Mtu mmoja na punda mmoja, majira matatu ya baridi, na turnipu zingebeba mzigo huo punje kwa punje hadi dunia izeeke. Kicheko kikamtoka chenyewe, kichungu, kirefu, hadi akashika shingo ya punda.

"Bassu alipenda kazi ya kudumu," akasema.

Walipofika chini ya Mlima wa Unga alimwaga magunia mwenyewe. Majani ya kijani yalilala juu ya kijivu, mahali ambapo kwa miaka hiyo yote halikuota jani. Itto alitazama mlima juu hadi chini.

"Haya, mume wangu. Chako hicho nimekurudishia, kiasi nilichoweza. Ulitaka kunifaa, najua. Mimi sina ugomvi na wewe." Kisha akakung'uta gunia la mwisho. "Lakini ungeniuliza kwanza kwa nini chungu wanageuka!"

Siku mbili Tuda alivumilia. Ya tatu ilikuwa Jumatano, na uchu ulimrudia vibaya. Hakuomba. Itto alimkuta nyuma ya nyumba akinusa gunia tupu, machozi yanamtiririka, na alipoonekana akalificha gunia nyuma yake.

"Naogopa alama, mama," akasema. "Nisipokula ataota alama. Nikila pia ataota alama, ila hiyo nyingine haionekani."

Itto akamtazama. Kisha akachukua shali yake na kisu chake, akashuka gulioni bila punda, bila mzigo.

Watu walishangaa kuiona nafasi yake tupu na yeye mwenyewe akipita kati ya mikeka kama mnunuzi. Alikwenda hadi mkeka wa tatu. Rabha alikuwa akipanga turnipu zake, upande wenye tundu chini, kama kawaida yake.

"Leo huna bidhaa, mwenzangu?" Rabha akauliza. "Wapangaji wamekuvamia?"

"Nimekuja kununua."

"Kununua nini?"

"Turnipu."

Rabha akatazama kushoto na kulia, kuona ni mzaha gani huu na nani anaushuhudia. Wauza kuku walikuwa wameshageuka kuwatazama.

"Itto, usinichezee mbele ya watu. Umri umekwenda."

"Nipe turnipu, Rabha. Nipe zenye funza."

Hapo hakucheka mtu. Itto akachuchumaa, akaziokota moja moja, akizigeuza, akitafuta tundu. Yenye ngozi safi aliirudisha. Yenye tundu aliipasua kwa kisu chake, na akimkuta mdudu ndani, mnene, mweupe, anajikunja kwa kuudhiwa na mwanga, aliunganisha vipande viwili tena na kuvitia kikapuni kwa uangalifu, kama mtu anayefunika mtoto. Rabha alimwangalia mikono, kisha akamwangalia uso, na katika miaka thelathini hakuwa ameuona uso ule.

"Kuna nini, dada yangu?" akauliza chinichini.

Itto akamwambia. Hakuficha kitu: unga, funza, damu ya Tuda, siku ishirini. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akitangazia, maana kulikuwa na watu pale waliokula turnipu zake miaka na miaka, na walistahili kusikia kwa kinywa chake. Alipomaliza alitoa pochi.

"Weka hela yako," Rabha akasema. "Funza siuzi." Akamjazia kikapu hadi juu, kisha akaongeza, kwa kuwa hakuweza kujizuia: "Na yule mvivu wangu nikimwambia kwamba uvivu wake umetuokoa, hataamka tena."

Itto alicheka huku machozi yanamtoka, na wengine nao wakapata ruhusa ya kupumua.

Nyumbani aliziosha, akazimenya, akazikata vipande, akanyunyiza chumvi. Tuda alikuwa ameketi kizingitini pake. Alikula kipande cha kwanza amefumba macho, cha pili vivyo hivyo, na alipofikia cha tatu akapiga kelele na kukishika mbali na mwili wake.

"Mama! Kuna mdudu!"

Itto akaja, akajipangusa mikono, akainama kuangalia. Funza alikuwa hai, amejaa tele, anatembea taratibu kwenye nyama nyeupe aliyoila tangu majani yalipochipua. Itto akamwondoa kwa ncha ya kidole, hakumponda, akamweka kwenye ukingo wa sahani, na kumrudishia mkwewe kipande mkononi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mwenzio ameshaonja."